Jicho la Paka Lisilopona: Wito kwa Watu wa Lamu na Miji ya Pwani

Mkipita sokoni Lamu asubuhi, ubavuni mwa Ngome, wakati samaki wanaparwa magamba, acheni bei kidogo mtazame chini ya meza. Paka wapo kama kawaida yao. Safari hii watazameni macho. Huyu wa kijivu jicho la kushoto limegandwa na tongotongo mpaka ukope haufunguki. Yule wa madoadoa ana utando mweupe juu ya mboni. Kipaka mmoja, hata miezi miwili hajatimiza, macho yote mawili mekundu na pua imeziba. Kichwa cha changu kimedondoka hatua mbili kutoka alipokaa naye hana habari nacho, kwa sababu paka asiyesikia harufu hali.

Wenyeji tumeshazoea. Paka wa Lamu wana jina, wageni huwapiga picha kwenye madaka ya nyumba za mawe, na wapo wanaodai kwamba wembamba wao ni uleule wa paka wa sanamu za Misri ya kale. Sina ugomvi na Misri. Ninachosema ni kwamba picha hizo huchaguliwa paka wenye macho mazima, na hao wengine tunabaki nao sisi.

Naandika kuwaomba jambo, na siwaombi wafugaji peke yao. Paka wa miji yetu hana mwenyewe mmoja. Analala kwa bibi huyu, anakula kwa muuza samaki yule, anazalia ghalani kwa mtu wa tatu. Jicho lake likiharibika, kila mmoja anadhani mwenyewe ni mwenzake.

Kwanza tujue kinachowasumbua. Mtaani utaambiwa ni vumbi. Utaambiwa kapigana, au ni paka mchafu tu. Kweli, ukucha wa mwenzake unaweza kutoboa jicho, na kichochoro chenye samadi ya punda na nzi si pahali pa jicho lenye kidonda. Lakini jicho linalotulia wiki hii, likarudi kuvuja mwezi ujao, likaenda hivyo mwaka mzima, mara nyingi kisa chake ni mafua ya paka. Kirusi kikuu cha mafua hayo ni cha ukoo wa herpesi, na watafiti wa Marekani walikitenga kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina lisiwatishe, hiki ni cha paka na jamaa zake na hakimwingii binadamu. Kinaingia kwa pua na macho, kinachubua ngozi laini ya ndani ya kope, wakati mwingine kinachimba kidonda kwenye kile kioo cha mbele cha jicho ambacho madaktari hukiita konea. Kinga ya mwili ikikishinda hakitoki, kinajificha ndani ya mishipa ya fahamu ya usoni. Katika kila paka kumi walioambukizwa, wanane au zaidi hubaki nacho mpaka kufa.

Wengi wa hao huishi vizuri tu. Shida huja siku paka anapopata dhiki. Njaa ni dhiki. Kuhamishwa nyumba ni dhiki, kuletewa paka mgeni ni dhiki, na kuzaa na kunyonyesha ni dhiki kubwa kuliko zote. Siku chache baada ya hapo kirusi huamka, jicho linaanza tena kuvuja, na chafya zinarudi. Mama anayenyonyesha anaweza kuanza kukitoa wiki nne au sita baada ya kuzaa, yaani wakati uleule ambapo kinga aliyowapa wanawe kwa maziwa inapungua. Ndiyo maana vipaka wanaonekana wazima kabisa wakiwa wadogo, halafu ghafla, wanapoanza kucheza, macho yanafumba.

Na huo ndio umri tunaowatoa nyumbani.

Mnalijua hili. Paka wa nyumbani kazaa wanne. Wiki ya tano wameanza kuchafua mikeka na kupanda mapazia. Mwenye nyumba hataki dhambi ya kuwaua, basi anawatia ndani ya boksi, anatoka nao kabla ya alfajiri, anawaacha sokoni "kwenye riziki yao." Moyoni anaona katenda wema. Kipaka yule sasa hana mama, hana maziwa, hana joto, na amewekwa katikati ya makumi ya paka wageni ambao nusu yao wanapiga chafya, na chafya ya paka hurusha matone yenye virusi mita moja au mbili. Ukitaka kutengeneza macho mabovu kwa makusudi hutapata njia bora kuliko hiyo. Samaki wapo, ni kweli, lakini wanaliwa na madume makubwa.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: msipeleke vipaka sokoni. Wakae na mama yao mpaka wiki ya nane, ikibidi ya kumi, na mtafute jirani wa kuwachukua wawili wawili. Ghala lina panya, duka la nafaka lina panya, jahazi lina panya. Paka mwenye afya ana kazi ya kufanya mji huu na hakosi wa kumtaka.

Kuna na maradhi mengine yanayojichanganya humo. Wazee wetu wanayajua vikope, maradhi ya macho ya watu yaletwayo na bakteria aitwaye klamidia. Paka naye ana klamidia yake, ndugu wa huyo. Huanza jicho moja, ngozi ya ndani ikavimba na kuwa ya waridi kama nyama mbichi, na baada ya siku chache jicho la pili linafuata. Kumwingia mtu ni nadra, lakini nawa mikono kwa sabuni kila ukishamhudumia paka, na watoto wasimpapase kisha wakajifikicha macho. Huyu bakteria dawa yake ipo na inajulikana: doksisaiklini ya kumezwa, kwa kipimo cha daktari wa mifugo, kwa muda wa wiki nne hivi, na wapewe paka wote wa nyumba hiyo, hata yule anayeonekana mzima. Matone ya jicho peke yake hayatoshi kwa sababu bakteria hakai jichoni tu. Kidonge hicho kikishamezwa mpe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani kikikwama kooni huunguza.

Wiki nne ndizo zinazotushinda. Siku ya tatu jicho limefunguka, siku ya tano paka anakimbia, na chupa inarudishwa kabatini "kwa ajili ya siku nyingine." Siku hiyo nyingine haichelewi kufika.

Sasa niwaombe wenye maduka ya dawa, na hapa mtanivumilia nikae kidogo. Mtu anakuja kaunta, anasema nipe dawa ya jicho. Hasemi ya nani, pengine anaona haya kusema ni ya paka. Muuzaji anampa kichupa chenye antibaiotiki iliyochanganywa na steroidi. Akimtilia paka, jicho linaweza kuwa jeupe kesho yake, wekundu wote umeondoka. Furaha hiyo ni ya uongo. Steroidi imetuliza uvimbe kwa kuizuia kinga ya mwili isifanye kazi, na ikiwa chini yake kulikuwa na kidonda cha konea, au kirusi kile cha mafua, sasa kinakula bila mtu wa kukikataza. Kidonda kinaingia ndani, konea inayeyuka, jicho linatoboka. Paka wengi wenye chongo katika mitaa yetu hawakupigwa na mtu.

Basi, ndugu muuza dawa, uliza: "Ya nani hii?" Akikwambia ya paka usicheke, na usimpe kichupa kilichoandikwa dexamethasone, betamethasone, prednisolone au hydrocortisone mpaka daktari wa mifugo awe amelitazama jicho. Nawe unayenunua, soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Yule daktari ana kipimo rahisi mno. Anagusisha jichoni rangi iitwayo fluoresini, anasafisha kwa maji, kisha anamulika kwa taa ya buluu. Pasipo na kidonda hapabaki kitu. Penye kidonda panang'aa kijani, na kidonda cha kile kirusi mara nyingine hujichora matawimatawi, mstari mwembamba unaogawanyika na kugawanyika tena. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayoamua dawa gani imfae na ipi itamtia upofu.

Kama kirusi ndicho kilichozidi, daktari anaweza kuandika dawa ya kupambana nacho, kama famsiklovia. Ni dawa ya watu inayotumika pia kwa paka, lakini kipimo si cha kubahatisha. Antibaiotiki haiui kirusi. Hupewa kuzuia bakteria wasivamie jicho lililochubuka, na mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale ya bei nafuu yanayotumika kwa vikope, madaktari wengi huanza nayo. Wapo wasomaji wangu wa Nairobi na Dar es Salaam walioshauriwa kununua unga wa laisini kwa ajili ya paka wao. Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2015 haukupata faida yoyote ndani yake. Hela hiyo mnunulieni samaki.

Ya nyumbani nayo tuyaseme wazi. Chai ya rangi, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, limau, mkojo, vyote nimevisikia vikisifiwa, na limau na kitunguu ni ukatili mtupu juu ya jicho lenye kidonda. Parasetamoli usithubutu. Hata nusu kidonge inaweza kumuua paka.

Kinachofaa nyumbani ni maji na subira. Chemsha maji, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mfunge paka kwenye kanga, miguu yote ndani, kichwa nje, umpakate mgongo wake ukielekea kifuani kwako. Lowesha pamba uiweke juu ya tongotongo, usisugue, ngoja lilainike, kisha futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Jicho la pili lina pamba yake. Ukitia dawa, mwinulie kidevu, shika ukope wa juu kwa kidole gumba, na mkono wenye chupa uutokeze kwa nyuma ya kichwa asiione ikija. Ncha ya chupa isiguse jicho. Dawa zikiwa mbili, dakika tano zipite kati yake, matone kwanza, mafuta baadaye. Halafu mpe kitu chenye harufu kali, dagaa waliopashwa moto au mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kipaka mwenye mafua hufa kwa kutokula kabla ya kufa kwa jicho.

Na wale ambao hata macho hawajafungua? Kipaka hufungua macho kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Ukiona kope bado zimefungwa lakini zimetuna, na usaha unachungulia kwenye pembe, usingoje zifunguke zenyewe. Usaha umenaswa ndani na unaunguza konea. Kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, dakika kadhaa, kisha vidole viwili vikiachanisha kope taratibu kuanzia pembe ya ndani, usaha utoke, na safari ya kwa daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa jicho lililogeuka rangi ya maziwa au buluu, lililotuna, au linalofumbwa siku nzima. Paka mzee aliyeanza ghafla kugonga kuta, mboni zimepanuka mchana kweupe, huenda ni shinikizo la damu, naye pia hangoji kesho.

Si kila jicho linalovuja linahitaji dawa. Kipaka aliyeugua vibaya anaweza kubaki na makovu yaliyoshikanisha kope na jicho, au mfereji wa machozi ukaziba. Huyo atatoa machozi maisha yake yote, na machozi yakikauka huwa ya kahawia kama kutu, si damu. Mfute kila siku, basi. Paka wa pua bapa wanaonunuliwa kwa maelfu mijini wana machozi hayo kwa sababu tumewazalisha hivyo, lakini hiyo ni hadithi ya watu wenye pesa. Na jicho lililokwisha kuharibika kabisa, lililosinyaa na bado lina usaha, ni bora litolewe na daktari kuliko kuachwa likiuma miaka. Paka wa jicho moja anawinda, anapanda paa, anapigana, na hakuna panya anayefaidika na chongo chake.

Chanjo ipo tangu miaka ya 1970. Haizuii kirusi kisiingie, ila humpunguzia paka ukali wa ugonjwa, na inafaa zaidi ikitangulia: sindano ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Inapotangazwa kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, paka nao wapelekwe, kwani kichaa hakichagui. Na siku hiyo, maafisa wakiwa wamekuja na majokofu yao, ndiyo siku ya kuwauliza na ya mafua inapatikanaje, na mtaa mzima ukiagiza pamoja itagharimu kiasi gani.

Lakini kama kuna hela ya jambo moja tu, mimi ningeitia katika kufunga kizazi. Jike hupata mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba wiki tisa hivi, na anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kila uzazi ni dhiki inayoamsha kirusi, na kila uzazi ni boksi jingine kabla ya alfajiri. Hakuna tone la dawa litakalofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Watu wa hoteli, ninyi mna deni. Msimu wa kaskazi paka wenu wanakula mabaki ya kamba na wanalala kwenye mito. Masika yakifika Aprili na Mei mnafunga milango, na wale paka wanashuka mjini na njaa, wanaanza kuugua hapo. Mfanyakazi anayebaki kulinda jengo aachiwe fungu la chakula chao. Wageni huuliza sana watawasaidiaje paka wa mji huu. Wajibuni kwa kuwaonyesha kikopo cha mchango wa kufunga kizazi.

Na msiniambie mnyama wa mtaani hana wa kumhudumia. Punda wa kisiwa hiki wana zahanati yao tangu 1987, ilipoanzishwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na kukawa na mashindano ya punda waliotunzwa vizuri, wenye punda wakitoka kifua mbele na zawadi. Aibu ya kumpanda punda mwenye kidonda mgongoni ilijengeka pole pole. Ya paka inaweza kujengeka pia. Waalimu wa madrasa, ninyi ndio mnaowasimulia watoto habari za Abu Huraira, aliyepata lakabu yake kwa kipaka, na za yule mwanamke aliyemfunga paka asimpe chakula wala asimwache akatafute. Wakishasikia hayo, watumeni wakahesabu paka wa macho mabovu katika kichochoro chao. Watoto wanajua kila paka analala wapi kuliko sisi.

Nawaomba kila mtaa uchague mtu mmoja anayeaminika ashike daftari. Michango ya barazani iandikwe humo, hata shilingi ishirini ishirini. Kurasa za mwanzo waandikwe majike: rangi zao, nyumba wanamolala, nani huwalisha na nani anaweza kuwakamata. Daktari wa mifugo akipatikana kwa siku moja asipoteze asubuhi yake kufukuza paka vichochoroni, awakute tayari ndani ya vikapu vilivyofungwa, wakiwa hawajala tangu usiku.